Bibi Aliyekula Wali wa Msiba Wake

Pasaka iliyopita nilirudi kusali Tabata, kwenye kigango nilichokulia. Mhubiri, kijana mwenye sauti nzuri, akawatia Lazaro na Bwana Yesu kapu moja: wote walikufa, wote wakafufuka. Waumini wakaitikia amina. Mie nikajikuta natabasamu peke yangu, maana bibi yangu angekuwepo angeguna mpaka benchi la mbele wasikie. Jambo hilo yeye alilijua kwa mwili wake.

Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kumiminika Buguruni, rangi za nguo zinatuchanganya macho. Bibi, mzaa mama, alikuja kutoka kusini kukaa nasi, akaja na ming'oko, vile viazi pori vya kwao, kwenye kikapu na utani kwa kila mtu. Kisha homa ikamwangusha. Asubuhi moja mama akamkuta wa baridi, pumzi haisikiki. Kilio kikapigwa. Kufikia adhuhuri turubai limefungwa, wanaume wamekaa kwenye majamvi, wanawake wanapika wali na maharage uani. Aliyesimamia mafiga alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mwislamu, mwenyeji wa hapa hapa Dar. Akaingia ndani na kitambaa cha maji amfute uso shoga yake kabla hajavishwa sanda.

Bibi akapiga chafya. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi, "Nani kafa?"

Jirani alitoka na kitambaa mkononi, akapita katikati ya wanaume bila salamu. Mzee mmoja alikimbia hadi barabarani, kandambili zake zikabaki jamvini. Tulipotulia, mama akilia upya kwa furaha, bibi alitaka kujua hiyo harufu ya wali inatoka kwa nani. Wakamletea sahani. Akaula wali wa msiba wake akiwa amekaa kitako kitandani, akasema chumvi haikukolea.

Tangu siku ile wakamwita Bibi Lazaro. Watu wakaja kumtazama. Wengine walitaka kumgusa kanga ili wapone, naye akawafukuza kwa utani. Mie shuleni nilitembea kifua mbele. Bibi yangu alikuwa hafi.

Pasaka ilipokaribia, mwalimu wa mafundisho akatuambia tuangalie sanda. Lazaro, alisema, alitoka kaburini amefungwa sanda zake, ikabidi wengine wamfungue. Akarudi kula, kuchoka, kuugua, na siku moja akafa tena. Lakini Bwana Yesu sanda aliziacha mle mle. Yeye hakurudi alikotoka; alipita akaenda mbele, na mauti hayamwezi tena. Lazaro alirudishiwa maisha yake yale yale, Yesu alifufuka. Wenzangu wakaitikia. Mie nilikuwa nimesikia maneno mawili tu: akafa tena.

Nilikimbia hadi nyumbani. Bibi alikuwa anafua uani kwa sabuni ya mche, povu mpaka viwikoni. Nikamuuliza kama ni kweli atakufa tena. Hakunificha. Akainua kanga yake kuukuu kutoka kwenye beseni.

"Unaiona? Imetakata, lakini ni ile ile, na kiraka chake. Mie nimefuliwa tu, mjukuu wangu, sijafufuliwa. Magoti yananiuma kama zamani."

"Na ukifufuliwa?"

"Hapo hii siivai tena. Haya, shika upande huo tukamue."

Sijui kwa nini, hofu ilinitoka pale pale, na maji ya sabuni yakinilowesha miguu. Miaka iliyofuata ilikuwa mitamu. Bibi alisema amepewa nyongeza, na nyongeza haifungiwi kabatini. Alitupikia ming'oko, akatufundisha nyimbo za kwao, na jirani aliponunua televisheni akawa anakwenda kubishana na msoma habari.

Alipofariki kweli, nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Watu walipotaka kuanza maandalizi, jirani akawazuia. "Tusubiri kwanza," akasema. "Huyu ana mazoea." Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Tukasubiri mpaka alasiri, yeye amekaa kitandani kamshika mkono. Mwisho akamfunika uso taratibu, akasema shoga yake kaenda. Makaburini tuliimba nyimbo za Pasaka, kama alivyoagiza mwenyewe.

Leo pale uani pamejengwa fremu za maduka. Jirani alihamia Boko kwa mwanawe, naye keshatangulia. Chakula cha msiba siku hizi kinaagizwa, kinakuja kwenye vyombo vinavyong'aa, kimeiva vizuri na chumvi yake, na aliyekipika hamjui marehemu. Utotoni, wiki nzima baada ya mazishi, niliomba bibi arudishwe mara nyingine. Siku hizi siombi. Nimemkumbuka, tena sana, lakini arudi aje augue upya? Aendelee tu huko mbele. Mie naja, ila sina haraka.