Nzi Wadogo Chumbani kwa Mzazi

Mjukuu wangu alijifungua kwa kupasuliwa, na kutoka hospitali aliletwa moja kwa moja kwangu. Mimi ndiye niliyetaka. Mama yake, binti yangu wa kwanza, anafanya kazi Babati, na ruhusa aliyopewa iliisha hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Alikoolewa mjukuu ni kwa wafugaji, Getanuwas, maji yanafuatwa mbali kwa punda, na mwanamke akikaa chini siku mbili anaulizwa kama anaumwa. Mtu mwenye mshono tumboni hawezi kwenda kupakia madumu. Nikasema atakaa hapa mpaka apone, na mimi nikisema nimesema.

Nikampa chumba cha ndani, kile kinachopakana na stoo. Wageni wakaanza kumiminika. Kwetu huku mzazi haendewi mikono mitupu. Wakulima wenzangu walileta unga wa ulezi, na majirani wafugaji walileta maziwa kwenye vibuyu. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kudanganya. Kitukuu wangu wa kwanza, dume, ana masikio makubwa kama marehemu babu yake, na maziwa yanaingia ndani utafikiri mimi ndiye mwenye mifugo.

Wiki ya pili nzi nao wakaja. Si hawa wakubwa tuliowazoea. Hawa walikuwa wadogo kama punje ya ulezi, macho mekundu, wanaruka polepole kama wametoka kilabuni. Unapiga makofi kumuua, unafungua mikono hakuna kitu, yeye amekaa kwenye pua yako. Walikaa kwenye uji, kwenye kikombe, kwenye kitambaa cha kumfutia mtoto mdomo. Niliwadharau. Nikasema nzi ni nzi, baridi ikizidi watakufa.

Ndipo akaja tena kututazama mkwe wake mjukuu, mama wa mume. Ni mwanamke mrefu, mkavu, rika la binti yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Nikammiminia mtindi. Nilipogeuka kumsogezea mjukuu mto na kurudi, nzi watatu walikuwa wanaogelea kwenye kikombe cha mgeni. Akaingiza kidole, akawatoa mmoja mmoja, akawapanga kwenye ukingo wa kigoda ili niwaone vizuri.

"Mama, hawa ni nini?"

"Ni nzi. Kwani kwenu hakuna? Ng'ombe wanalala mlangoni kwenu, nzi wanaingia ndani kabla ya mgeni."

"Wapo," akasema, wala hakukasirika. "Wakubwa. Wale wanakuja kutembea, ng'ombe wakiondoka nao wanaondoka. Hawa wako hawajatoka popote. Hawa wamezaliwa humu humu ndani."

Mjukuu akajifunika uso na kanga.

"Jumamosi ya wiki ijayo kuna mnada," akaendelea. "Mume wake atapata gari. Tukipita hapa nikamkuta nzi kwenye uso wa mtoto, nawachukua wote wawili. Unisamehe mama, lakini mtoto ni wa kwetu."

Na kweli ni wa kwao. Hata ningeita wazee wa pande zote mbili, wangesema hivyo hivyo. Alipoondoka mjukuu aliniambia, "Bibi, nikirudi sasa hivi nitakufa. Hata kuinuka kitandani nashika ukuta."

"Hurudi," nikamwambia. "Lala."

Nilikuwa na siku tisa.

Nikaanza na ninachokijua. Nilichemsha maji, nikasugua sakafu, meza na kuta mpaka nilipofikia mkono. Nikatoa ndoo ya maganda mbali na mlango. Nikachoma kinyesi kikavu cha ng'ombe nifukize chumba, mtoto akakohoa, nikakitoa mbio. Kesho yake asubuhi nzi walikuwepo wote, na nadhani walikuwa wameongezeka.

Jirani yangu, mwanamke wa kanisani kwetu, akasema ninunue dawa ya kupuliza. Nikamwambia dawa ya kuua nzi simpulizii mtoto wa wiki mbili. "Basi utahangaika," akasema. Nikasema nitahangaika.

Mjukuu akatafuta kwenye simu. "Bibi, wanaitwa nzi wa matunda."

"Matunda gani? Nyumba hii imeona embe lini?"

"Ndivyo wanavyoitwa. Wanasema utafute matunda yaliyoiva kupita kiasi."

Lile neno lilinipotezea siku mbili nzima. Nilitafuta tunda kama mtu anayetafuta mwizi. Kulikuwa na ndizi nne za mzazi, nikazitupa na alikuwa anazitaka. Nikatoa vitunguu nje, nikapekua viazi kimoja kimoja, nikamwaga gunia la mbaazi uani nikalirudisha. Nikainama chini ya kitanda na mgongo huu. Tunda hakuna. Nikamwambia mjukuu simu yake ni ya watu wa Muheza wenye machungwa, haijui habari za huku.

"Basi tuwatege," akasema. "Wanasema kikombe, siki, sukari na tone la sabuni ya maji. Juu unafunga nailoni unaitoboa kwa sindano. Wanaingia, kutoka hawawezi."

Siki sina. Nikaenda kwa jirani mwingine anayepika pombe nikaomba machicha, maana kama ni kitu kichachu, basi hakuna kichachu zaidi ya hicho. Sukari nikaweka, sabuni nikaweka. Asubuhi kikombe kilikuwa cheusi. Nikafurahi nikamwonyesha mjukuu kama mtu aliyeua fisi. Lakini nilipoinua macho, wengine walikuwa wanazunguka kichwani kwangu vile vile. Kesho yake tena hivyo. Nikaelewa kwamba nilikuwa nazika wa jana huku wa leo wanazaliwa. Yule mkwe wa mjukuu alisema kweli, na hilo liliniuma kuliko nzi wenyewe.

Hapo nikabadilisha kazi ya vikombe. Badala ya kuua, viniambie. Nikatega vinne: jikoni, sebuleni, chumbani kwa mzazi, na stoo. Asubuhi ya Jumanne nikavipitia. Jikoni wachache. Sebuleni wachache. Chumbani wengi. Stoo huwezi kuona machicha kwa nzi.

Nikasimama katikati ya stoo na tochi. Gunia la mahindi, kavu. Debe la maharage, kavu. Kisha nikainua tochi ukutani, kwenye misumari, nikaona vibuyu vya wageni. Vilikuwa sita, nimevitundika vizuri kwa mikanda yake. Nikagonga kimoja kwa kidole. Likatoka wingu la nzi.

Inabidi nieleze kwa nini vilikuwa pale, mtu asiseme ni uvivu. Chombo cha mtu aliyekuletea kitu hakirudi kitupu. Nilikuwa nangoja mahindi mapya yakauke shambani nimjazie kila mmoja. Na kibuyu cha maziwa hakioshwi na mtu mwingine. Kila mwanamke ana mti wake anaouchoma na kusugulia ndani, maziwa yake yana ladha ya nyumba yake. Ukikiosha na kukitia moshi wako, umemwambia maziwa yake yananuka. Kwa hiyo nilimimina maziwa, nikafunga kifuniko, nikatundika na mabaki ya maziwa yameganda ndani, na nikajiona mtu mwenye adabu kweli kweli. Nzi walikuwa wanazaliwa ndani ya adabu yangu.

Mjukuu alisimama mlangoni ameshika tumbo. "Si tuvioshe tu, bibi?"

"Unaona kile chenye shanga? Cha nani?"

Akakitazama. Kilikuwa cha mkwe wake, alikileta siku mtoto alipofika.

"Basi tukirudishe kama kilivyo."

"Kitupu na kichafu? Nimtukane mara mbili?"

Nilikaa juu ya debe la maharage nikafikiri, lakini si kwa muda mrefu. Mwenye kibuyu akinuna, atanunua kibuyu kingine. Mshono ukifumuka njiani kwenye makorongo, hakuna wa kuushona.

Nikachemsha maji. Nilipokimwaga cha kwanza uani walitoka funza weupe, wadogo, wanacheza kwenye maji, na kuku wakaja mbio. Niliosha vyote sita kwa maji ya moto na brashi ya mkia wa ng'ombe, mara tatu kila kimoja, nikavianika kivulini visipasuke. Kisha nikachoma mti wangu mwenyewe, huu ninaoutumia tangu nimeolewa, nikasugua, nikakung'uta majivu. Vitano nikavijaza maharage ya mwaka jana, nikavipeleka mwenyewe kwa miguu mlango kwa mlango. Nikamwambia kila mmoja usoni: nimeosha kibuyu chako, sababu ni hii. Wanne walicheka. Mmoja alinuna, na mpaka leo amenuna.

Zilizobaki ni siku za kukaba. Uji ukipoa unafunikwa. Kikombe kikitumika kinaoshwa hapo hapo. Kitambaa cha vyombo kinachemshwa na kuanikwa juani. Mjukuu alisema nimekuwa mkali kuliko nesi. Alhamisi kikombe cha stoo kilikuwa na nzi saba. Ijumaa wawili. Jumamosi kikombe kilikuwa na machicha tu.

Gari lilifika saa nne asubuhi, likabaki linanguruma barabarani. Yule mama akaingia, akanisalimu, akaenda moja kwa moja kitandani. Akakaa akautazama uso wa mtoto. Nilikuwa nasikia injini na mtoto anavyopumua. Hakuja nzi.

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini angekuja kukinusa kibuyu chake nyumbani kwake na kujua, na mimi sipendi kujulikana nyuma ya mgongo. Nikakileta kimejaa maharage, nikakiweka miguuni kwake.

"Nzi walizaliwa humu," nikasema. "Kwenye hiki na vingine vitano. Nimekiosha kwa mkono wangu na kukitia moshi wangu. Kama ni kosa, nidai mimi. Usimdai mgonjwa."

Akamimina maharage yote kwenye kanga yake. Akaingiza pua mdomoni mwa kibuyu, akakaa nayo humo.

"Mti wako una moshi mwingi," akasema.

"Na maziwa yako yana maji mengi."

Mjukuu akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na papo hapo akajikunja, akashika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, jasho likamjaa usoni. Mkwe wake akaweka kibuyu chini.

"Nionyeshe," akamwambia.

Nikafunua mimi. Mshono ulikuwa bado mwekundu, pembeni unatoa majimaji. Aliinama akautazama kwa muda, akaufunika mwenyewe taratibu.

"Hukuniambia kama ni hivi."

"Nilikuambia siku ile ya kwanza, hapaswi kubeba madumu."

"Ulisema madumu. Hukusema hata kucheka hawezi."

Akatoka mlangoni, akampigia kelele mwanawe azime gari, wanamaliza mafuta bure. Akarudi akakaa. "Akauke kabisa ndipo nije," akasema. "Na nitakuwa naleta maziwa. Kibuyu nakaa nakingoja hapa hapa, naondoka nacho."

"Vizuri," nikasema.

Mume wa mjukuu akaingia ameinama mlangoni, kofia mkononi, ananuka ng'ombe wa mnadani. "Shikamoo bibi," akasema, na tayari alikuwa amenyoosha mikono amchukue mtoto.

Nikamwambia maji ya kunawa yako nje.