Eda ya Mama na Mfereji wa Siri

Juzi kazini waliniletea harufu ile bila kujua. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ametoka kupiga kasia mwisho wa wiki, begi lake bado halijakauka, na alipolifungua ikatoka harufu ya tope la mikoko iliyochanganyika na mafuta ya kujipaka jua lisimuunguze. Akanionyesha picha kwenye simu: maji ya kijani yametulia, mikoko imekutana juu, na yeye kwenye kayaki ya njano anacheka, meno yote nje. "Panaitwa Mfereji wa Siri," akaniambia. "Upande wa Mbezi Beach kule. Twende siku moja, sista." Nikamwambia mie kichwa kinaniuma. Siri gani, jamani, yenye bango barabarani?

Sie tuliozaliwa jirani tulipaita Kwa Wanawake. Ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, na ukisimama ufukweni huuoni mpaka uonyeshwe. Mama na wenziwe waliokota chaza humo. Na mwanamke aliyefiwa na mume, akimaliza eda, alipelekwa humo kuoga maji ya bahari, avue nguo za msiba, avae kanga mpya, arudi kwa watu. Wanaume hawakwenda. Hapakuwa na ukuta wala mlinzi; ilikuwa adabu tu, na siku hizo adabu ilitosha.

Baba hakuwa mtu wa pwani. Alitoka Morogoro kutafuta kazi, akawa mlinzi wa geti kwenye hoteli moja ya ufukweni, akamwoa mama. Bahari aliiogopa, mpaka hoteli ilipoleta kayaki na zile mbao za kusimama juu yake. Watoto tulijazana mchangani kuwatazama wageni. Wale wa mbao tuliwaita wafagiaji, maana walisimama na kasia refu wakisukuma maji kama mtu anayefagia uwanja, halafu pwaa, mtu kaanguka, nasi tunagaragara kwa kicheko. Baba naye akajifunza. Haukupita muda akatolewa getini, akawekwa kwenye maji awaongoze wageni. Siku hiyo alirudi nyumbani na fulana ya bluu yenye jina lake kifuani. Mama aliifua peke yake, isichanganywe na nguo nyingine, akaipiga pasi ya mkaa. Alipomuuliza amepataje kupandishwa, baba akacheka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukala pilau, na mie nikavimba kichwa mtaa mzima.

Hakuivaa sana fulana ile. Aliugua ghafla, wiki haikuisha tukazika. Mama akakaa eda ndani, na mie, binti wa miaka kumi, nikawa mtu wa kutumwa kila kitu.

Siku ya kutoka eda tulikwenda asubuhi, maji yakijaa. Alikuwepo Bi Zuhura, somo wake mama, aliyemfunda tangu alipokuwa mwari, na majirani wawili. Mie nilibeba kanga mpya na chetezo cha udi, nikaambiwa nikikidondosha nitakiona cha mtema kuni. Mama aliingia majini na kaniki yake mpaka kiunoni. Bi Zuhura akamfungua nywele, akamteremsha kaniki mabegani, akawa anammwagia maji kwa kata huku akimwombea dua. Mama alikuwa analia, lakini kilio cha kutua mzigo. Tangu msiba sikuwa nimemwona amepumua vile.

Ndipo tukasikia vicheko, na kayaki zikakunja kona. Njano, nyekundu, moja nyuma ya nyingine. Wazungu walikuwemo, na watu wetu wa mjini pia walikuwemo, msidhani. Mama yuko kifua wazi. Mwanamke mmoja akainua kamera. Bi Zuhura alinipokonya kanga mpya, akaitanda mbele ya mama, ikalowa yote.

"Nyie hamna haya? Nani kawaleta huku?"

Aliyeongoza msafara alikuwa Hamza, rafiki yake baba, naye na fulana ya bluu. Aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Bi Zuhura. Tusameheni mama zangu, hatukujua kuna shughuli. Njia hii alituonyesha marehemu mwenyewe. Ndiyo iliyompandisha cheo, Mungu amrehemu."

Mama alichutama majini mpaka shingoni, na machozi yakamkauka palepale. Kayaki zilipogeuka, kwa shida, zikigongana kwenye mizizi, akasema, "Twendeni nyumbani." Bi Zuhura akamwambia haijatimia. "Imetosha," mama akasema. Alimalizia kuoga kwa ndoo, bafuni kwetu uani, mlango kaufunga.

Niliwachukia wageni wale, na yule wa kamera nilimchukia zaidi. Nikaamini hasira ya mama nayo iko hukohuko. Tangu siku ile hakumtaja baba tena, si kwa jina, si kwa kusema "baba yenu." Tukimtaja sie, anainuka kwenda kutazama chungu. Nilipokua niliwasimulia marafiki kwamba mama yangu alimpenda mumewe mpaka hawezi hata kulitaja jina lake. Walikuja kumposa watu wawili, akawakatalia, nami nikazidi kumsifu.

Baada ya picha ile ya kazini nilikwenda Kimara, anakoishi sasa kwa kaka yangu. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza jambo ambalo sijui kwa nini miaka yote sikuwahi kuliuliza: baba, mtu wa Morogoro, alipajuaje Kwa Wanawake?

Hakuinua uso. "Mie ndiye niliyempeleka," akasema. "Tulikuwa tumeoana juzijuzi. Nikamwambia, hapa mwanamume haji, lakini we si mwanamume wa watu, we wangu. Akaniapia hatamwambia mtu."

"Mbona siku ile hukusema, mama?"

"Niseme nini? Marehemu hasemwi. Na mie ndo kwanza natoka kumlilia."

Akasogeza ungo nimsaidie, tukachambua hadi mchele ukaisha. Kumbe hakuwa na ugomvi na wageni hata kidogo. Ugomvi wake ulikuwa na mumewe, na aliujua akiwa majini, mume keshazikwa. Baba angekuwa hai, mama angemnunia, angeombwa radhi, yangekwisha. Sasa atamnunia mpaka naye afe.