Semboja na Hedi Iliyochongwa

Kaka yangu Semboja alikuwa na Pijo wakati kijiji chetu cha ujamaa cha Kwaluguru hakina hata baiskeli mbili zenye breki. Aliinunua kwa meneja mmoja wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akaifanya teksi ya Handeni na Korogwe. Gari lenyewe halikuwa na makuu. Kilima lilipanda kama mama mjamzito, lakini lilifika. Wagonjwa lilifikisha, walimu lilifikisha, hata mbuzi.

Kilichomharibu ni magari ya mashindano. Pasaka moja yalipita Korogwe, na mojawapo lilikuwa Pijo kama lake. Lilipita likinguruma, vumbi likatujaa mdomoni. Semboja hata uso hakufuta. Alibaki anaitazama barabara kama mtu aliyeachwa na mke.

Haikupita wiki tukawa kwa fundi Laurenti, nyuma ya soko la Korogwe. Huyu baba yake alikuja mkongeni kama manamba kutoka Unyamwezi, na Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo, nawe ucheke. Laurenti alivuka mipaka yote: siku ya kumzika baba yetu alilala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku.

"Nataka iwe na nguvu kama zile za Pasaka," Semboja akamwambia. "Nichonge hedi, hiki kifuniko cha injini, ibane zaidi, au nifunge kabureta mbili?"

Laurenti akafungua boneti, akachungulia, akasonya.

"Mtumwa wangu, anza na breki. Unataka kukimbia, kusimama je? Halafu rejeta. Hii imeziba, inakunywa maji kama ng'ombe wa Kimasai. Weka na shokapu mpya. Injini tusafishe vali, tukufungie kabureta moja kubwa kidogo, basi. Hedi usiguse."

"Kwa nini?"

"Hedi ikichongwa inataka petroli ya super. Huko kwenu Handeni mara nyingi ni ya kawaida tu, tena ya pipa, nusu yake mafuta ya taa. Injini itagonga, itachemka, itaunguza gasketi. Itakufia porini, fisi wakudai nauli."

Tulicheka mpaka machozi. Semboja alitushinda wote.

"Mnyamwezi una wivu wewe! Unaogopa nitakutimulia vumbi."

"Nasema kweli, Semboja."

"Lini wewe ukasema kweli?"

Basi, ndivyo alivyochagua. Hedi ikapelekwa Tanga kuchongwa, kabureta zikawa mbili, rejeta ikabaki na uchafu wake. Laurenti alifunga kila kitu bila kubishana tena, gari si lake. Na kusema haki, lilikimbia. Semboja alikuwa anajaza super Korogwe, akifika Handeni kuku wote wako juu ya mapaa.

Kisha binti yangu Hajira akaposwa Mkumbara, mbele ya Korogwe, barabara ya Moshi. Mwenyekiti wa kijiji akajitolea lori tumpeleke kwa mumewe. Semboja akasimama katikati ya watu.

"Mpwa wangu hapandi lori la mahindi. Mimi mjomba wake namfikisha Mkumbara kabla ya alasiri, na wakwe waambiwe hivyo."

Wakaambiwa.

Siku ya harusi super haikuwapo Handeni nzima. Semboja akajaza ya pipa. Mbele alikaa Laurenti, maana harusi bila mtani haina chumvi. Nyuma mimi na Hajira, kajifunika shela jeupe, kanukia asumini. Kilima cha kwanza tu, injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi ndani ya sufuria.

"Punguza," Laurenti akasema.

"Wakwe wanasubiri."

"Punguza, nakwambia."

Akakanyaga. Mvuke ukafunika kioo, gari likakohoa mara moja likazimika. Laurenti akachomoa kijiti cha oili. Oili imekuwa kama chai ya maziwa: gasketi imeungua, maji yameingia.

Alasiri ilitukuta pale pale, Hajira analia chini ya shela. Tuliokotwa na lori la mkonge, mwanangu akapandishwa juu ya marobota kwa kusukumwa makalio. Tunafika Mkumbara magharibi inaingia, ngoma zimekwisha lala. Shela limenata nyuzi za mkonge toka juu hadi chini. Mama mmoja wa upande wa mume akauliza, wala hakunong'ona:

"Hili nalo ni bibi harusi au robota?"

Mjomba ndiye anayemkabidhi bibi harusi. Semboja alisema maneno yake huku anatazama vidole vya miguu, akamaliza, watu wakamgeukia Laurenti. Kila mmoja alijua sasa ni zamu ya mtani, tena kapewa nyama iliyokwisha iva. Hata mimi nilijikaza.

Laurenti akamshika bega. "Pole, kaka."

Tangu wajuane hajawahi kumwita kaka.

"Nitanie basi," Semboja akamwambia kwa sauti ndogo. "Laurenti, nitanie."

"Leo sina."

Semboja akavua kofia, akajifunika nayo uso, mbele ya wakwe wote. Nikageukia ukutani. Mtu akifika hapo, ukimtazama unamwongezea aibu.