Cheti Kipya cha Mama Usukani

Mama Usukani, mjane mwenye boti ya kuvusha watu mtoni, hakuwa mtu wa kuchekacheka. Abiria akileta utani wakati boti inaondoka, jicho lake moja lilitosha kumkalisha. Ndiyo maana wifi yake aliyekuwa akikusanya nauli, dada wa marehemu mumewe, alishangaa kumwona anarudi kutoka ofisi ya usajili wa boti huku anaimba.

Kisa kilianza na injini. Ile kuukuu ilikata roho, akafunga nyingine, na huko ofisini msajili mpya, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamwambia, "Mama, ukibadilisha injini, cheti hiki hakifai tena. Tuandike kingine." Akaandika taratibu, huku akimuuliza habari za mto. Tangu mumewe afariki, nani alimuuliza habari za mto?

Haukupita muda, boti ikapewa jina jipya. Jina likibadilika, cheti nacho basi. Akaenda tena. Kisha akamwita fundi airefushe boti kwa nyuma.

"Ya nini?" wifi aliuliza. "Hata viti vilivyopo havijai."

"Vitajaa."

"Wifi, sema kweli. Mwenye shida ni boti au mwenye boti?"

Mama Usukani akajifanya anakaza boliti, lakini mabega yalimcheza kwa kicheko.

Ofisini, msajili aliandika vipimo vipya, akakosea, akafuta, akakosea tena. Kalamu ikamponyoka. Wote wawili wakainama kuiokota, vichwa vikagongana, wakabaki chini ya meza wakicheka mpaka mlinzi akachungulia.

"Kuna kingine kinachoua cheti?" Mama Usukani aliuliza, akijifuta machozi.

"Boti ikizama. Ikiuzwa." Msajili akavua miwani, akaivaa tena. "Au mwenye boti akihama nyumba. Anwani si inabadilika?"

"Akihamia wapi?"

"Kwangu pana nafasi. Ila ni karibu na soko, kelele haziishi."

"Kelele nimezizoea. Nashinda na injini."

Alirudi mtoni nusu mbio, akamwaga yote kwa pumzi moja. Wifi akasonya, akamkumbatia, akalia kidogo, akacheka zaidi. Abiria walikuwa wanangoja, na Mama Usukani alikuwa bado anaimba, usukani kausahau, kwa hiyo wifi, ambaye hakuwahi kuendesha boti maishani, akakamata usukani. Boti ikaenda upande, ikazunguka, ikarudi ilikotoka. Abiria wakashikana, wakacheka bila kujua wanacheka nini.