Ukoko wa Uji na Tumbo la Sungura

Enzi zetu, baba yangu alikuwa akirudi nyumbani mweupe kuliko mzungu. Alichimba ule udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi, unaoingia puani mpaka ukipiga chafya inatoka chaki. Mama hakumkubalia kuingia kabla hajampiga-piga na fagio kama mkeka.

"Simama hapo, malaika. Hapa si mbinguni."

Msimamizi wao naye alikaa kivulini na shati safi, lakini hayo tuyaache.

Udongo huo huo ndio uliopakwa ukuta wa darasa letu, na sasa nimekumbuka darasa. Nilikaa shule miaka mitatu tu. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja, tunakizunguka kama kuku kwa mahindi, na nilichoshika vizuri ni picha. Mwalimu Rahabu akimaliza kusoma aliuliza, "Hadithi hii inatufunza nini?" Aliyejibu sawa alipewa ukoko wa uji wa mwalimu, ule unaoshika chini ya sufuria, umeungua kidogo, mtamu ajabu. Maadili yetu yote yalitoka humo. Kwa ukoko, mimi ningekubali hata kwamba kobe ni padri.

Siku moja ilikuwa hadithi ya Fisi aliyelima maharagwe huku Sungura amelala. Mavuno yalipofika, Sungura akala yote. Fisi kuuliza tu, wanyama wakamchapa wakimwita mlafi.

Rafiki yangu Wafula, ambaye baba yake alichimba na baba yangu, hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Akawa wa kwanza kuinua mkono.

"Inatufunza kulima ni ujinga."

Tukaangua kicheko.

"Wewe! Sema, tusiwe walafi."

"Lakini mwalimu, angalia picha. Tumbo kubwa ni la nani?"

Tukaangalia. La Sungura, limejaa kama la diwani.

"Wafula, sema tusiwe walafi, ukule."

Akaangalia sufuria. Akaangalia kitabu. Akashusha mkono.

Mjukuu wangu wa Bondeni, kule mjini, ana kitabu cha rangi zote. Humo Fisi na Sungura wanakumbatiana na kukata keki. Nilimuuliza kinafunza nini.

"Kushare, guka."

Mbona basi alininyima hata krispi moja ya viazi? Watoto wa siku hizi wameshiba, wana picha nzuri, na hakuna hata mmoja anayeangalia tumbo.

Sisi tulikuwa na mmoja. Siku ile Wafula aliposhusha mkono, mimi nikainua wangu. "Tusiwe walafi, mwalimu!" Nikapewa sufuria, nikaikwangua peke yangu. Wafula akachukua bakuli lake tupu, akatoka pole pole, akapita nje ya dirisha akielekea barabara kuu. Tukadhani ameenda choo. Nilimbakishia kidogo pembeni mwa sufuria. Alipochelewa, nikala hicho pia.

Hakurudi, siku hiyo wala nyingine.