Uvimbe wa Shingo ya Mama

Katika milima ya Ileje nilikokulia, rovu lilikuwa jambo la kawaida. Wanawake wengi walikuwa nalo shingoni, na mama yangu alikuwa nalo tangu kabla sijazaliwa. Halikumsumbua. Alilima ulezi, alibeba kuni, na kanisani yeye ndiye aliyetuanzishia nyimbo.

Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, upande mmoja wa rovu ulivimba ghafla. Jirani yetu alikuwa amekufa kwa uvimbe wa shingo uliomkaba mpaka akashindwa kumeza uji, kwa hiyo tuliogopa. Nilimfunga mtoto mgongoni, tukateremka na mama kwa miguu hadi barabarani, tukapata lori la kutufikisha hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha kukwamakwama. Mama alijua Kindali tu, nikawa mkalimani. Daktari alisimama nyuma yake, akamshika shingo taratibu kwa vidole, akampa kikombe cha maji.

"Meza, mama."

Uvimbe ulipanda, ukashuka. Akatafuta vivimbe vingine pembeni mwa shingo, asivipate.

"Muulize kama sauti imeanza kukwaruza."

Nilimtafsiria. Badala ya kujibu, mama akaanza kuimba. Wagonjwa waliokuwa nje wakaitikia. Daktari alingoja mpaka ubeti ukaisha.

"Dalili ni nzuri," aliniambia. "Uvimbe ni laini, unacheza, na sauti ni safi. Lakini vidole vyangu vinaweza kukosea. Sijui bado. Nikiutoa, utapimwa kwa hadubini Dar es Salaam, ndipo tutajua kama ni kansa."

Mama aliposikia alisema, "Mwambie akate. Huyu hanidanganyi."

Alipasuliwa. Kidonda kilipona kabla majibu hayajafika, tukakaa kwa shangazi yangu katika kijiji cha Nanyala, tukimsaidia kupalilia mahindi. Usiku nilimsikia mama akijigeuza kitandani.

Tuliporudi hospitali, daktari alitupokea mlangoni mwenyewe. "Si kansa," alisema. "Damu ilivujia ndani ya uvimbe, ndiyo maana uliongezeka ghafla."

Mama alikaa sakafuni, akaomba nimpe mtoto. Alimpakata, machozi yakimtiririka. Kisha akasema, "Mshukuru kwa mkono wake. Mshukuru pia kwamba alipokuwa hajui, alituambia hajui."

Nilitafsiri nikilia. Daktari akainama, akamshika mama mikono yote miwili.