Mama Vumilia anajua gari yangu kunipita miye

Bandugu, mwenye ataweza anielezee hii.

Karatasi ya gari yangu inasema: litri tano kwa kilometa mia moja. Bunia mupaka Nyankunde na kurudi, haifike hata hamsini.

Asubui nikanunua litri tatu za mafuta. Nilizidisha hata!

Mama Vumilia, mwenye anauzishaka esanse mu machupa hapa Ngezi, mu Bunia, akacheka: "Karatasi yako iliona bariere za askari mu njia?"

Akaangalia matope pa pneu za magurudumu. "Muko watu ngapi?"

"Tano, mama."

Akahesabu na vidole.

(Pa bariere nani anazimaka moteri, hata ukingoje saa muzima? Amani iko, lakini ni ya kulala na viatu.)

Kurudi, gari ikazima katikati ya kilima.

Muzee mumoja wa motari alikuwa amekaa pale pale juu ya pikipiki yake.

"Mama Vumilia alinituma nikungoje hapa. Chupa yako hii."

HAPA! Alijua mupaka kilima!

Nikaona muzee iko na chupa ya pili. "Na hiyo ni ya nani?"

Akaonyesha gari ya jipu mupya yenye ilikuwa inapanda nyuma yetu.

"Ya ule. Naye alimuonyesha mama karatasi yake."

Jipu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.